Mjomba, wapangaji wako hawapikii mkaa kwa kukosa elimu

Shikamoo mjomba. Natumaini hapo Goba hamjambo nyote.

Ujumbe wako kwenye grupu la ukoo nimeusoma. Ulisema watu wa uswahilini wanang'ang'ania mkaa kwa sababu hawajaelimishwa, na kwamba mtu akishajua faida za nishati safi atabadilika mwenyewe. Nakujibu hadharani, kwa heshima zote, kwa sababu maneno hayo nayasikia kwa watu wengi wenye nia njema kama wewe, na naona yanatupeleka siko.

Elimu ipo, mjomba. Mama ntilie wa mtaani kwetu anajua kabisa ule moshi unamuumiza kifua. Anajua pia kwamba mkaa unaoshushwa Dar es Salaam kutoka Kilosa na Rufiji ni misitu inayoteketea. Redio zinasema kila siku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na habari hizo zimefika hadi vijiweni. Kinachokosekana ni kingine.

Angalia hela inavyoingia. Wapangaji wako wengi wanapata riziki ya siku kwa siku: kibarua, bodaboda, genge. Kujaza mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mkaa unapimwa kwa kopo, na ukiwa na 1,000 mkononi hulali njaa. Ukipiga hesabu ya mwezi, mara nyingi huo wa kupima ndio unaotoka ghali, na wao wenyewe watakwambia hivyo. Serikali imeuza mitungi kwa ruzuku kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, jambo jema sana. Ila nimeingia vyumba ambamo mtungi umekaa mtupu pembeni ya kitanda, umefunikwa kitambaa, juu yake pamepangwa sahani. Mtungi wameupata, hela ya kuujaza kwa mara moja haijapatikana.

Na ikipatikana hela ya mkupuo, inakwenda wapi? Kwenye kodi. Miezi sita mbele, wengine mwaka mzima, juu yake dalali anataka mwezi wake. Mtu anajinyima, anacheza upatu, anakopa, kisha fungu lote linaishia kwa mwenye nyumba siku moja. Ndiyo maana nasema habari ya mkaa huwezi kuizungumza ukaiacha kodi ya nyumba pembeni.

Sasa tuje Mbagala, kwenye nyumba yako ya kupangisha. Naifahamu vizuri kwa sababu ulinituma mara nyingi kukusanya kodi. Vyumba sita, mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Uniti zikiisha wanachangishana, na mwenye taa moja anatoa sawa na mwenye friji, kwa hiyo ugomvi hauishi. Ukutani kwenye korido ipo karatasi yako: hairuhusiwi jiko la umeme, pasi wala hita. Chini ya karatasi hiyo, kila mlango una jiko lake la mkaa, na jioni ukipita pale macho yanawasha.

TANESCO wana bei ya wateja wadogo, D1, kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bei ya kawaida, T1, ni 292. Familia moja ya chumba kimoja yenye taa, redio na simu za kuchaji ingeenea humo kwenye 75. Familia sita nyuma ya mita moja haziwezi. Kwa hiyo muuza mchicha ananunua umeme kwa bei ileile ya mwenye viyoyozi. Hata kwa bei hiyo kubwa, jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, pungufu ya hela ya kopo la mkaa. Nafuu ipo, lakini imezuiwa na mita na ile karatasi.

Sola yako ya Goba naipenda, na lile tangi la maji ya mvua pia. Lakini paa ni lako, mjomba. Mpangaji hatundiki sola kwenye paa ambalo kodi ikiisha anaweza kuambiwa ahame. Na kodi ikipanda anasogea mbele zaidi, Mbande au Chanika, ambako kwenda kazini Kariakoo ni daladala juu ya daladala. Bado, ukijumlisha mafuta, umeme na maji wanayotumia, hao unaowasema wanatumia kidogo kuliko mimi na wewe.

Sikulaumu kwa ile karatasi. Nyaya za nyumba ile ni za zamani na hofu yako ya moto ni ya kweli. Ndiyo maana nakuomba nyaya zibadilishwe, kisha uombe TANESCO mita ya kila chumba, kwa sababu nyumba ni yako na mpangaji hawezi kuanzisha jambo hilo. Zina gharama, najua. Anza na vyumba viwili vya mbele. Nakuomba pia upokee kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa atakayetaka, ili hela ya gesi ibaki mfukoni mwake. Na tafadhali usipandishe kodi kwa sababu ya mita, maana yule mwenye mkaa ndiye atakayekuwa wa kwanza kuhama.

Nimeshaongea na fundi umeme mwenye leseni. Yuko tayari kwenda Mbagala kukagua. Niambie tu Jumamosi ipi utakuwa na nafasi, nije naye.

Mpwa wako