Soba zitenganishwe: nyumba ya kulala si wodi ya arosto

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua kuzungumzia nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani zinajulikana zaidi kwa jina la soba. Kila unapozuka mjadala wa kuzisimamia, maneno huishia kwenye vibali: nani anacho, nani hana, ipi ifungwe. Sisi tunaofanya kazi humo tunaona swali la kibali linatanguliwa na jingine. Nyumba moja, chini ya meneja mmoja, inafanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kazi ya kwanza ni kumvusha mtu kwenye arosto, zile siku za mwanzo ambazo mwili unadai kilevi. Ya pili ni kumpa aliyekwisha kuvuka mahali pa kulala, ratiba, wenzake wa kuzungumza nao na muda wa kujifunza kuishi bila kilevi. Ya kwanza ni tiba. Ya pili ni makazi. Kanuni zikiendelea kuzichanganya, watu wataendelea kufa katika wiki ya kwanza ndani ya nyumba zenye cheti ukutani.

Tueleze kwa nini. Ndugu wengi wanaoleta mgonjwa huogopa zaidi arosto ya unga, yaani heroini, kwa sababu inaonekana kwa macho: mafua, miayo, vipele vya baridi, mifupa kuuma, kutapika, kuhara. Huanza kati ya saa 8 na 12 tangu kete ya mwisho, hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka ndani ya wiki moja hivi. Inatesa sana, lakini kijana mwenye afya ni nadra imuue yenyewe. Kinachomuua ni kukaukiwa maji kwa kutapika na kuhara huku amefungiwa chumbani na hakuna anayehesabu ametapika mara ngapi. Pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na mtu wa kuandika daftarini, vinaokoa wengi. Asipokojoa tangu asubuhi hadi jioni, au kila anachokunywa kinarudi, huyo ni wa hospitali.

Pombe ndiyo inayotutisha. Mtu aliyekunywa gongo au pombe kali kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla, mikono huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 12 tangu glasi ya mwisho. Degedege linaweza kumwangusha wakati wowote ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kutokwa jasho, moyo kwenda mbio, homa kupanda. Hapo ndipo wenzake husema ana majini. Anafungwa kamba, anasomewa, anamwagiwa maji. Ugonjwa huu una dawa na dawa zenyewe ni za kawaida: diazepamu kwa kipimo cha daktari, inayopunguzwa siku hadi siku, na thiamini, yaani vitamini B1, ya sindano. Thiamini isicheleweshwe, hasa pale mtu anapotundikiwa dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ile inamaliza B1 kidogo iliyobaki na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Mhudumu wa soba asiye muuguzi hawezi kulijua hilo, na si haki kumlaumu kwa kutolijua. Hali ni hiyohiyo kwa aliyezoea vidonge vya usingizi kama diazepamu: kuvikatisha ghafla kunaleta degedege, tena mara nyingine baada ya siku nyingi, wakati kila mtu ameshatulia.

Kwa hiyo tunapendekeza madaraja mawili ya usajili. Daraja la kwanza liwe la nyumba zinazopokea watu wakiwa bado kwenye arosto. Hizi ziwe na muuguzi au tabibu zamu zote, usiku na mchana, daktari anayeitika, makubaliano ya maandishi na hospitali iliyo karibu na gari la kumfikisha mgonjwa huko. Daraja la pili liwe la nyumba za makazi tu, zinazopokea mtu mwenye karatasi ya kituo cha afya inayosema amevuka. Nyumba ndogo nyingi zilizopo leo zingefaa kabisa daraja la pili, na zingeendeshwa kwa gharama nafuu. Zinapolazimika kujifanya wodi ndipo zinapoharibu.

Fomu ya mapokezi ya daraja lolote isipungue maswali haya: anatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, amewahi kuanguka degedege, anameza dawa gani kila siku, ana kikohozi, na kama ni mwanamke, ana mimba? Swali la dawa lina uzito wa pekee. Dawa za kupunguza makali ya VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za kifafa zisikatishwe hata siku moja kwa hoja kwamba hapa hatutumii kitu chochote. Vivyo hivyo methadoni, dawa ya kunywa anayopewa na kliniki aliyezoea unga ili auache. Huduma hiyo ilianza hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na leo ipo katika mikoa kadhaa, lakini bado zipo nyumba zinazomwambia mtu anayekunywa metha kwamba hajaacha, aikate ndipo apewe kitanda. Methadoni inashushwa taratibu, kwa wiki na miezi, chini ya kliniki yenyewe. Akikatishwa ghafla arosto yake ni ndefu kuliko ya unga, na wengi wanaishia kuruka ukuta kurudi maskani, kwenye vijiwe vya kutumia unga. Nyumba ina haki ya kuwa na imani yake ya hatua 12, ule mpango wa vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha kilevi, na mikutano yake ya kila jioni. Haina haki ya kufuta dawa iliyoandikwa na daktari.

Jambo la pili ni kufuli. Tunajua kwa nini milango inafungwa: saa nane usiku, siku ya pili ya arosto, mtu yuko tayari kuuza viatu vyake. Ndugu wamelipa, wanataka akutwe pale. Lakini madirisha yana nondo, mlango una kufuli nje, funguo iko kwa meneja ambaye amelala chumba kingine, na jikoni kuna mtungi wa gesi. Moto ukitokea hakuna atakayetoka. Kanuni iseme wazi: mlango wa kulala ufunguke kwa ndani bila funguo, nyumba iwe na njia mbili za kutokea, mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta, na idadi ya waliolala iandikwe kila usiku ili zimamoto wajue wanatafuta wangapi. Badala ya kufuli ziwepo zamu za watu wawili walio macho, na kengele mlangoni. Anayetaka kuondoka usiku azungumziwe, apewe chai, ndugu zake wapigiwe, aombwe asubiri kupambazuke. Akikataa, afunguliwe, na iandikwe saa aliyotoka na alikoelekea.

Tunasema hivyo kwa sababu ya sheria pia. Ibara ya 15 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kufungiwa isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Anayehitaji kulazwa bila ridhaa yake kwa sababu akili imevurugika anapitia utaratibu wa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na utaratibu huo haupiti kwa meneja wa soba. Ile desturi ya gari kuja alfajiri na vijana wanne kumbeba mtu kitandani akiwa amefungwa mikono, hata kama mama yake mzazi ndiye aliyepiga simu huku analia, haina mahali pa kusimama. Uchungu wa mama huyo tunaufahamu na tunauheshimu. Kinachomfaa ni mshauri nasaha atakayekwenda nyumbani mara tatu, mara nne, mpaka kijana akubali kukaa chini. Tangu 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yametaka vituo vya kuwaweka watu kwa lazima vifungwe. Na anayeingia kwa kamba hutumia miezi yake yote humo akitafuta njia ya kutoka.

Viboko, kunyolewa kwa adhabu na kunyimwa chakula viwe makosa ya kufuta usajili bila mjadala. Vivyo hivyo kurekodi watu wakiwa kwenye arosto na kuwarusha mtandaoni ili kutafuta michango. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa namna ya pekee. Yule kijana kwenye video ataomba kazi siku moja.

Nafasi: viwango vya kimataifa vya makazi ya dharura vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Chumba cha mita 3 kwa 4 basi ni cha watu watatu, hata kikiwekwa dabo deka. Sababu kubwa ni kifua kikuu. Watu waliotoka maskani na magerezani wanakibeba kuliko watu wengine, na chumba kimoja chenye dirisha moja kinatosha kuwaambukiza wote. Kila anayeingia aulizwe kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito. Mwenye dalili atoe makohozi kabla hajapewa kitanda cha chumba cha wengi. Madirisha yawe pande mbili na yabaki wazi usiku, kwa wavu wa mbu. Wanawake wawe na nyumba yao na wahudumu wanawake. Walio chini ya miaka 18 wasichanganywe na watu wazima kwa hali yoyote.

Fedha hatutaziongelea sana, maana dawa yake ni fupi: mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, unaotaja ada ya mwezi, inachojumuisha, na kiasi kitakachorudishwa mtu akitoka kabla ya siku zake. Risiti kwa kila malipo. Kitambulisho, laini ya simu na kadi ya benki vibaki kwa mwenyewe au kwa ndugu aliyemchagua. Na wakaazi wasipelekwe kubeba zege kwenye saiti ya mtu halafu ujira ukaingia mfukoni mwa nyumba kwa jina la tiba ya kazi.

Ukaguzi nao ubadilike. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina dhamana, lakini iende pamoja na afisa afya, afisa ustawi wa jamii na zimamoto, na angalau mara moja kwa mwaka iende usiku bila taarifa. Mkaguzi anayekuja saa nne asubuhi kwa miadi anaonyeshwa ofisi na bustani. Ahesabu miswaki, kisha alinganishe na majina daftarini. Aingie stoo. Mtu mzima anayekula ugali mara mbili kwa siku anahitaji unga wa gramu 400 hadi 500, kwa hiyo nyumba ya watu 30 inamaliza mfuko wa kilo 25 ndani ya siku mbili. Mfuko mmoja ukionekana umedumu wiki nzima, ama watu hawali ama daftari linadanganya. Azungumze na wakaazi watatu peke yao, aliowachagua mwenyewe, na namba ya bure ya Mamlaka, 119, ibandikwe mahali wanapoweza kuisoma, pamoja na simu ya kuipiga.

Nyumba ikikutwa na kasoro isifungwe siku hiyo hiyo na watu kutawanywa mtaani. Kasoro za vitanda, madirisha na madaftari zipewe siku 90. Kufuli na gesi siku 7. Kipigo kiondoe uongozi mara moja, lakini wakaazi wahamishiwe nyumba nyingine kwa orodha, kila mmoja na dawa zake.

Tumeiacha siku ya kutoka mwisho kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mtu aliyekaa miezi minne bila unga, mwili wake umesahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinasimamisha pumzi. Wengi wanaokufa kwa kuzidisha hufa katika wiki za mwanzo baada ya kutoka, na ndugu wanadhani aliongeza kiasi, kumbe alichukua kilekile. Kila mkaazi aambiwe hilo kinagaubaga kabla hajavuka geti, na ndugu anayempokea afundishwe dalili: midomo kugeuka bluu, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kukoroma kwa vipindi virefu, kutoamka akitikiswa. Apuliziwe pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Achomwe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, na irudiwe baada ya dakika mbili au tatu kama bado hapumui vizuri. Akishapumua alazwe ubavu. Asiachwe peke yake hata akiamka na kukasirika, maana naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90 na unga unaweza kumrudisha chini. Apelekwe hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 kwamba dawa hii iwafikie watu wanaoweza kushuhudia mtu akizidisha, si wahudumu wa afya peke yao. Tunaiomba Wizara ya Afya iruhusu kila nyumba iliyosajiliwa itunze naloksoni na wahudumu wake wafunzwe kuitumia, na kila anayetoka akabidhiwe dozi mbili pamoja na barua yake ya kliniki na tarehe ya kuja kuonana na mshauri ndani ya siku saba.

Wahudumu na washauri nasaha wa nyumba za upataji nafuu,
Dar es Salaam