Kijana wa Mabatini asisukumwe kwenye ngumi za kulipwa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wako wa michezo ulichapisha habari ya kijana bondia wa Mabatini, hapa Mwanza, na baadaye ukatoa barua ya msomaji wa Nyakato aliyemtaka kijana huyo aache ngumi za ridhaa na kukata leseni ya ngumi za kulipwa kabla ya mwaka huu kwisha, kwa hoja kwamba ana miaka 20, ana mkono mzito, na kila mwezi anaoutumia kutafuta medali ni mwezi wa njaa. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kama anapenda kujadiliwa. Nakiri pia kwamba mimi ni mmoja wa wanaomfundisha, kwa hiyo msomaji wa Nyakato ana haki ya kudhani kwamba namng'ang'ania mwanafunzi wangu. Hata hivyo nimeona ni heri niseme ninachokijua sasa kuliko kunyamaza halafu nikaja kuulizwa na mama yake.

Habari yenu ilihesabu ushindi wa kijana ikaishia hapo. Hesabu ni sahihi, lakini haikusema amewashinda akina nani. Katika uzito wake wa kilo 60, vijana wanaopanda ulingoni mara kwa mara hapa jijini hawazidi vidole vya mikono miwili, na wengi wao amekutana nao mara tatu au nne, mpaka wamezoeana kama watu wanaoteka maji mwalo mmoja. Anajua nani hushusha mkono wa kulia akichoka na nani hufumba macho akirushiwa ngumi ya kushoto. Ushindi wa aina hiyo humpa kijana ujasiri, nao si haba, ila haumwelezi mtu yeyote itakuwaje siku atakapokutana na mgeni ambaye ngumi hizo hazimtikisi.

Jambo hilo sisi watu wa ukanda wa Ziwa tumekwisha kuliona katika kiwango cha juu kabisa. John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikwenda Las Vegas mwezi Machi 1986 kupigana na Marvin Hagler, bingwa wa dunia wakati ule, akiwa na mapambano 25 ya kulipwa, yote akiwa ameyamaliza kwa KO, yaani kwa mpinzani kushindwa kuendelea. Hagler alizipokea ngumi zile akabaki amesimama, na katika raundi ya 11 ni Mugabi aliyekaa chini. Alikuwa bondia mkubwa, na mwaka 1989 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Kama mtu wa namna hiyo alidanganywa na hesabu ya KO zake, sembuse kijana ambaye KO zake zote zimepatikana hapa hapa jijini, kati ya Igoma na Kirumba.

Sasa nije kwenye tofauti ya ngumi zenyewe. Ya raundi kila mtu anaijua: ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu tatu, na kwenye kulipwa mgeni huanza na raundi nne, kisha sita, nane, kumi, hadi kumi na mbili za ubingwa. Ninayotaka kukaa nayo kidogo ni tofauti ya mizani, kwa sababu hiyo huwameza vijana wetu bila watazamaji kuiona.

Katika mashindano ya ridhaa bondia hupimwa asubuhi ya siku anayopigana, na akipigana siku tatu hupimwa asubuhi zote tatu, hivyo hana nafasi ya kudanganya mwili wake: kilo 60 za asubuhi ndizo kilo 60 za jioni, ukiondoa chai na mkate. Kwenye ngumi za kulipwa watu hupimwa siku moja kabla. Mtu anayeishi na kilo 66 hujinyima maji siku mbili, hukimbia amevaa makoti mawili, hupanda kwenye mizani akisoma kilo 61, kisha hunywa na kula usiku kucha na kesho yake jioni anapanda ulingoni akiwa amekwisha kuurudia mwili wake. Kijana wetu hula ugali na dagaa mpaka usiku wa kuamkia pambano na mizani humsoma kilo 60 bila jasho. Maana yake ni kwamba, karatasi zikisema wako sawa, ukweli utakuwa kwamba amempa mpinzani kilo tano au sita, tena kwa glovu za aunsi 8 badala ya aunsi 10 alizozizoea. Kwa maoni yangu uzito wake wa kulipwa ni wa unyoya, yaani kilo 57, ila kushuka uzito nako ni ufundi unaofundishwa kwa miezi. Anayeukausha mwili ovyo, miguu ndiyo humkataa kwanza.

Anayedhani natia chumvi amwangalie Vasyl Lomachenko wa Ukraine. Huyu alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki, ya 2008 na ya 2012, na pengine hajapata kutokea bondia wa ridhaa aliyemzidi. Mwezi Machi 2014, katika pambano lake la pili tu la kulipwa, alipewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Orlando Salido wa Meksiko. Salido alizidi uzito kwenye mizani, kesho yake akapanda akiwa mzito zaidi, akamwegemea, akampiga tumboni na chini ya mkanda, na kumfundisha mambo ambayo ridhaa haikuwa imemfundisha. Lomachenko alishindwa kwa pointi, majaji wakigawanyika. Aliupata ubingwa katika pambano lililofuata, nalo ni jambo la kumsifu, lakini nyuma yake alikuwa na watu wenye fedha waliomtafutia nafasi ya pili upesi. Kijana wa Mabatini akishindwa la pili, nani atamtafutia la tatu?

Nimwangalie sasa mwanafunzi wangu bila upendeleo. Mkono wake wa kushoto ni mwepesi kuliko wa kijana yeyote niliyemfundisha, na miguu yake inajua kuondoka. Kasoro yake ni kwamba anapiga na kutoka, anapiga na kutoka, kwa kuwa kwa dakika tisa hiyo inatosha kuwaridhisha majaji. Tumboni hapigi kabisa. Ngumi ya tumbo katika raundi ya pili ni akiba unayoichukua katika raundi ya saba, na mtu ambaye hajawahi kufika hata raundi ya nne hawezi kuona faida yake. Kutoka mwezi wa kwanza nimekuwa nikimpigisha begi raundi sita, na katika raundi ya tano mkono wa kulia hushuka usawa wa kifua. Hilo linarekebishika, lakini si kwa wiki nane.

Liko na suala la kazi yake, ambalo msomaji wa Nyakato amelitaja kwa juu juu. Kijana anabeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mazoezi yake hufuata mwezi: wakati wa mbalamwezi anakuja kila jioni akiwa na nguvu, na wakati wa giza anakuja mara mbili kwa wiki, macho mekundu, mabega yamekufa. Promota akipanga tarehe ya pambano haangalii mwezi. Hapo nakubaliana na mwandishi yule moja kwa moja kwamba ridhaa haimlishi mtu, na sina la kumjibu kijana anaponiuliza medali yake ya mkoa inanunua kilo ngapi za unga.

Ila fedha ya pambano la kwanza nayo naijua. Miaka ya nyuma nilipigana ngumi za kulipwa mara nne. Mara ya tatu niliitwa Dar es Salaam zikiwa zimebaki siku tisa, nikapanda basi kwa safari ya zaidi ya kilometa 1,100, nikafika miguu imevimba na kukuta mpinzani niliyeambiwa amebadilishwa na mwingine aliyenizidi kilo nane. Nilipigana kwa sababu nauli ya kurudia ilikuwa ndani ya malipo. Baada ya pambano nililipwa nusu, nyingine nikaahidiwa kwa simu, na simu hiyo ndiyo hiyo ninayoingoja hadi leo.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Hassan Mwakinyo, aliyeitwa kwa muda mfupi mwezi Septemba 2018 akaenda Birmingham na kumsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Mfano ni mzuri, lakini Mwakinyo alikwenda kule akiwa na mapambano zaidi ya kumi ya kulipwa na akiwa amekwisha kuonja kushindwa. Tena ni mtu wa Tanga. Francis Cheka, bondia mwingine wa kulipwa wa hapa nchini, ni wa Morogoro. Kutoka huko bondia huamka asubuhi, akaenda Dar es Salaam kufanya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na watu watatu wa uzito wake, akarudi. Sisi wa Ziwa hatuna bahati hiyo, na sioni kwa nini tujifanye tunayo.

Kwa hiyo ningependa kijana abaki ridhaa miaka miwili mingine, atafute nafasi ya timu ya taifa. Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walirudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022, na ngumi zimo katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Bondia mwenye medali ya kimataifa huzungumza na promota akiwa amekaa kwenye kiti. Njaa ikimshinda akaamua kuhama mapema, sitamfungia mlango, mradi mkataba usomwe na mwanasheria ambaye hakuletwa na promota, uwe na mwisho, na useme nani atalipa hospitali. Hili la mwisho silisemi kwa mazoea. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki mwezi Julai 1994 kutokana na majeraha aliyoyapata ulingoni Las Vegas. Naye alikuwa na mkono mzito.

Kwa sasa ninachohitaji ni watu wa kumpiga. Kama yuko bondia wa kilo 57 hadi 66 kutoka Musoma, Bukoba, Geita au Sengerema, wa ridhaa au wa kulipwa, aliye tayari kuja kufanya naye sparingi raundi sita Jumamosi asubuhi, gym yetu ina nafasi ya kulala na chakula kipo. Msomaji wa Nyakato naye anakaribishwa kuja kutazama raundi ya tano.

Wako katika michezo,
Mkufunzi wa ngumi,
Kirumba, Mwanza