Niliripoti, nikaambiwa nimkamate

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba wanawake wanaoshikwashikwa kwenye daladala huishia kulalamika mitandaoni badala ya kwenda polisi. Mimi nilikwenda.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari ya Mbagala kwenda Kariakoo, tumebanana mpaka mlangoni. Mwanamume aliyesimama nyuma yangu alishika bomba kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mwilini mwangu. Niligeuka nikapaza sauti. Konda akacheka: "Dada, kama hutaki kuguswa si ungepanda bajaji?" Abiria nao wakacheka. Jamaa akashuka kituo kilichofuata, wala hakukimbia. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki ndiye pekee aliyenisemesha: "Pole mwanangu, tumeshazoea." Nakiri hilo "tumeshazoea" liliniuma kuliko kile kicheko.

Nikaandika namba ya gari kiganjani, nikaenda kituoni. Kaunta ilikuwa na foleni ya watu waliopotelewa na vitambulisho. Askari hakuwa mkali hata kidogo, ila aliniuliza mara mbili, kwa sauti iliyofika nje: "Kakushika wapi?" Foleni nzima ikanyamaza isikie jibu. Kisha: unamjua jina? Una shahidi? "Basi siku ukimwona tena, mkamate umlete." Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo ndilo la malalamiko kama haya pale polisi, nililiona wakati natoka, mlango una kufuli. Kazini nilifika saa tano, na sisi vibarua ukichelewa hivyo siku yako imekwenda.

Sheria tunayo. Tangu 1998 Kanuni ya Adhabu inautambua udhalilishaji wa namna hii kuwa kosa, na adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Lakini mwenye posho ya kutwa hupiga hesabu zake: nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi, aibu ya pale kaunta, halafu mtuhumiwa umtafute mwenyewe. Wenzangu wanne kazini yamewakuta kama yangu, na hakuna aliyeripoti. Sioni pa kuwalaumu.

Ombi langu ni dogo. Malalamiko haya yasikilizwe chumbani, si kaunta. Na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wanapowabana makonda kuhusu sare na nauli, wawabane na kwa hili: konda aliyeshuhudia aitwe aeleze alichokiona. Namba ya gari inatosha kumpata. Mimi niliitaja pale kaunta na haikuandikwa popote.

Msomaji yule namkaribisha Mbagala, saa kumi na mbili na nusu. Aje na dada yake.

Abiria,
Mbagala, Dar es Salaam