Shoga yangu, ni kweli nimeacha ile kazi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na poleni na majukumu. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kama ni kweli nimeacha kazi, kama nimeshapata nyingine, na kama shemeji yako amekasirika. Majibu ni ndiyo, hapana, na hapana. Sasa tulia nikueleze, maana kwenye simu ungenikatiza kila nukta.

Kwanza futa hilo la ugomvi. Najua habari zilizokufikia zina ugomvi ndani yake, kwa sababu watu hupenda mtu aache kazi kwa kishindo: agonge meza, amwambie bosi ukweli wake, atoke na mkoba begani mlango ukijibamiza. Mimi niliandika barua ya aya mbili, nikaipeleka kwa watu wa utumishi, wakanigongea muhuri kwenye nakala yangu, nikarudi kumalizia ripoti ya mwezi. Bosi wangu wala si mtu mbaya. Tatizo lake ni moja: hajui kwamba kazi huisha. Ukimaliza mapema anaona una nafasi, anakutwisha ya mwenzako aliyechelewa. Basi wote tukajifunza kutomaliza. Jioni tulikuwa tunakaa mpaka yeye aondoke, na nimekuja kusikia juzi kwamba naye alikuwa anakaa kwa sababu alituona sisi hatuondoki! Cheka, nakuruhusu.

Kilichonitoa ni ripoti. Unakumbuka nilivyokuwa naringa na ile ripoti yangu ya kila Ijumaa, majedwali na michoro na maelezo chini ya kila mchoro? Ijumaa moja, kwa uchovu na ubishi kidogo, niliituma bila jedwali la tatu. Hakuna aliyeuliza. Ijumaa iliyofuata nikaliacha tena, kimya. Nikaacha na la nne. Kisha tukaitwa kikao cha asubuhi nzima kuhusu umuhimu wa kutuma ripoti kwa wakati. Nilikaa pale nikaandika kwenye daftari langu "kwa wakati", nikapiga mstari chini yake, nikatazama kando nikaona mwenzangu naye anapiga mstari chini ya maneno hayo hayo. Ndipo nikaelewa kwamba naweza kuifanya kazi ile mpaka nistaafu, nikaifanya vizuri, nikasifiwa kwenye tathmini ya kila mwaka, na kusiwe na mtu hata mmoja aliyepungukiwa wala kuongezewa kitu na kazi hiyo.

Wakati ule ungeniambia nimechoka ningekukubalia, nikakwambia nitalala wikendi. Na wikendi nililala sana. Uchovu wa kazi nzito tunaujua sote, unalala unaamka mzima. Huu ulikuwa unaamka na mimi. Shemeji yako, ambaye husoma kila kitu mpaka maandishi ya nyuma ya dawa, ndiye aliyenisomea kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliielezea hali hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kwa tahadhari kuwa si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Wametaja alama tatu: mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake kimawazo mpaka anaibeza, na kuhisi kwamba anachokifanya hakina tija. Ile ya kwanza niliitarajia. Ya pili ndiyo iliyonishtua, kwa sababu mimi nilidhani ni ucheshi wangu. Zile dhihaka za vikao nilizokuwa nakutumia usiku, ukanijibu kwa vicheko vitupu? Basi, ndiyo hizo.

Yeye hakuishia hapo. Akanisomea na makadirio ya mwaka 2021, ya shirika hilo hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani, kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi imezidi kwa asilimia 35 hivi, na ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Nikamwambia hizo ni takwimu za watu wengi, hazimsemi mtu mmoja. Akasema sawa, hebu jumlisha saa zako. Nikajumlisha za ofisini, nikaongeza za usiku kwenye simu, za Jumamosi "mara moja tu", nikanyamaza. Unajua mkataba wa kwanza kabisa wa hilo Shirika la Kazi, wa mwaka 1919, ulikuwa wa nini? Saa za kazi. Nane kwa siku, 48 kwa wiki, kwa watu wa viwandani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita mtu wa kwenye mashine aliwekewa mpaka, na mimi mwenye kiti cha kuzunguka sikujua wangu uko wapi.

Najua unasoma haya ukiwa na barua yako tayari kwenye droo. Usiipeleke bado. Sikuzuii, ila nataka utoke ukiwa umejipanga, maana mimi nilijipanga na bado ilinitikisa. Toa mkataba wako uusome wote, hasa sehemu ya notisi, kwa sababu ukiondoka kabla ya muda wake unaweza kudaiwa mshahara wa hizo siku. Uliza siku za likizo ulizobakiza, kama zinalipwa au inabidi uzimalize kabla. Uliza bima ya matibabu inakoma lini, ili kama kuna vipimo vya watoto vifanyike kadi ikiwa bado hai. Kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, kaa na waliokukopesha kabla hawajakutafuta wao. Omba cheti cha utumishi ukiwa bado ndani, kwa sababu ukishatoka kila mtu anakuwa kwenye kikao. Sisi tulianza kubana matumizi muda mrefu kabla sijaandika barua, tukajizoeza kuishi kwa mshahara mmoja huku wa pili tukiuweka kando. Ndiyo maana shemeji yako hakukasirika. Hasira alishazimaliza wakati wa kubana.

Siku ya mwisho nilitoka kwenye lile kundi la idara la kwenye simu. Jua halijazama, wawili walikuwa wameshanitafuta pembeni kuuliza faili fulani liko wapi. Nikawaelekeza. Wa tatu nikamwambia lipo kwenye hati ya makabidhiano, ukurasa wa kwanza kabisa. Akasema, "Ahaa, kumbe kuna hati?" Shoga, ile hati niliiandika kwa siku kadhaa.

Sasa tuje kwenye unalolitaka hasa: nafanya nini na huo muda wote? Wewe unadhani napumzika. Na mimi nilidhani hivyo. Nilidhani maisha yangu ya nyumbani yananingoja mahali fulani kama malimbikizo ya mshahara, nikitoka tu nayapokea yote kwa mkupuo. Ndugu yangu, hayakuwa yananingoja. Yalikuwa yanaendelea.

Chukua asubuhi za nyumbani. Shemeji yako na watoto wana utaratibu wao, waliutengeneza miaka ile ambayo mimi nilikuwa naondoka kabla hawajaamka. Kila mtu anajua zamu yake ya kuoga, nani anafunga viatu vya mdogo, nani anakagua mikoba. Wiki ya kwanza nikajitosa kusaidia na wakachelewa shule. Nikapanga upya kabati la madaftari, jioni nikasikia wanaulizana chini kwa chini, "Mama amekiweka wapi?" Binti yangu mkubwa akanifuata, kwa adabu zote, akaniomba nisiwasaidie asubuhi, niwasaidie jioni. Jioni nako mdogo anampelekea dada yake hesabu, si mimi. Mimi nakaa pembeni na kalamu yangu. Mara mojamoja ninaulizwa tahajia.

Nilijisikia vibaya, sitakuficha. Kisha nikaona kwamba ningeumia zaidi kama wangekuwa wamekaa tu wananisubiri. Nimeacha kulazimisha. Nakaa pale pale mezani nasoma kitabu changu, na siku zinavyokwenda anayekuja na swali anakuja.

Ila lililonigusa kuliko yote ni la mama. Unamjua mama yangu anavyosimulia. Habari ya mtu kuhama nyumba inaanzia kwa babu yake na huyo mtu, inapitia harusi tatu na kesi moja, ndipo tunafika kwenye kuhama kwenyewe. Nilipokuwa kazini nilikuwa nampigia huku naandika, naye anasikia vitufe. Hakuwahi kulalamika. Nimegundua sasa kwamba kwa miaka hiyo alijifunza kunipa mwisho tu. Fulani amejifungua. Fulani kapona. Fulani tumemzika. Kama taarifa ya habari. Juzi nikampigia nikiwa sina la kufanya, nikamwambia mama nisimulie. Akasema, "Si nimekwambia, kahama." Nikamwambia nataka kuanzia mwanzo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hujachelewa mahali?"

Nikamwambia sijachelewa. Akaanza, lakini kila baada ya muda anasita, anasema basi nisikuchoshe, nami namsukuma mbele. Bado hajarudi kwenye urefu wake wa zamani. Simu ya Jumapili iliyopita ilifika kwenye harusi ya pili, nikaona tumepiga hatua. Kesi bado.

Mengine ni madogo, nitayapitia haraka. Jino lile nililokuwa nalilalamikia tangu enzi zile limezibwa, na daktari amenigombeza kama mtoto. Nimelipa faini ya vitabu vya maktaba, usiulize. Usiku nilikuwa naamka saa ile ile ya simu ya bosi hata kama simu haijalia, na paja langu lilikuwa linahisi mtetemo wakati simu yenyewe iko chumba kingine. Hilo limepungua, halijaisha. Natembea jioni bila kwenda popote. Mwanzoni nilikuwa nahesabu hatua kwenye simu, mpaka nikajishtukia nimeshaanza kujitengenezea ripoti ya kutembea. Nikaifuta ile programu.

Marafiki ni hadithi nyingine. Niliandika majina ya watu niliowaacha bila jibu, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wengi walifurahi kwa dakika tano, kisha tukakosa la kusema kwa sababu hakuna anayejua aanzie wapi. Mmoja alidhani nataka kumkopa. Mwingine aliniambia wazi kwamba aliniudhikia wakati wa msiba wa baba yake, nilipotuma ujumbe na rambirambi kwa simu nikarudi kikaoni, na kwamba hasira zake bado hazijaisha lakini nipige tena wiki ijayo. Huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wote, na wiki ijayo nitampigia.

Kuhusu kazi mpya, natafuta, ila polepole, na kuna swali nimeanza kuuliza kwenye usaili ambalo zamani nisingethubutu: aliyekuwa kwenye nafasi hii aliondoka kwa nini? Sehemu moja walitazamana kabla ya kunijibu. Sikurudi. Sehemu nyingine walinieleza vizuri tu, na wakanionyesha mtu aliyetoka saa kumi na moja jioni mbele ya macho yetu, akaaga, akaagwa. Hapo nimeomba. Wakinichukua nitakwambia, wasiponichukua utaniona mwenyewe, kwa sababu mwisho wa mwezi nakuja kwako.

Ndiyo, nakuja. Usianze kupanga ratiba. Nataka nikae sebuleni kwako ufanye mambo yako nikiwa hapo hapo, niwasikie watoto wako wanavyopiga kelele, nimsalimie mama mkwe wako ambaye mara ya mwisho nilimpita mlangoni nikiwa na simu sikioni. Na ile habari ya wifi yako uliyonitumia kwa mstari mmoja, kwamba "yameisha", naijia kuanzia mwanzo, pamoja na nani alisema nini.

Ukipata nafasi nijibu ni tarehe gani haitakubana. Wasalimie wote nyumbani.

Wako wa siku zote