Yoga haimponyi mpiga fidla aliyekalia kiti kibovu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu wa Chake Chake aliyeandika kwamba yoga ni mambo ya watalii wa Paje, na kwamba mpiga muziki anayelalamikia bega lake hajazoea kazi. Mimi napiga fidla ya taarab tangu ujanani, na mchana nilikuwa nasomesha hesabu skuli mpaka nilipostaafu. Kazi nimeizoea sana. Ndiyo iliyoniumiza bega.

Asiyepata kukaa jukwaani hajui yanayotokea kule nyuma. Bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, ikimalizika mwimbaji anaingia, ubeti wa kwanza, kiitikio, mambo shwari. Ukifika ubeti wa mafumbo ukumbi mzima unainuka. Akinamama wanapanga foleni kumtunza mwimbaji pesa, kila mmoja anataka aonekane na yule aliyekusudiwa kwa fumbo hilo, na ubeti haumaliziki mpaka wa mwisho afike mbele na noti yake. Nyimbo ya dakika nane inakwenda ishirini. Muda wote huo sisi tumeibana fidla baina ya taya na bega, kidole gumba cha kushoto kimeganda, na pumzi tumezizuia kama wapiga mbizi. Mpiga udi kaliinamia tumbo la udi wake ili aone vidole. Mwenye kodiani kabeba kilo zinazokaribia kumi kifuani. Wa ganuni ana nyuzi zaidi ya sabini mbele yake na risha ya kukwanyulia imefungwa kwa pete katika kila kidole cha shahada. Vifundo vikimkaza, nyuzi zinalia kwa kishindo, utamu wote umekwenda.

Mpwa wangu anafanya kazi hotelini huko huko Paje, na yoga kajifunza kwa kuwaangalia wageni. Alinitandikia mkeka uani, akanilaza chali, mikono nimeitanua, magoti nimeyakunja, nikawa nayalaza kulia, kisha kushoto, mabega yasibanduke chini. Baadaye nikae kwa magoti na viganja, nipandishe mgongo na kuushusha. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza. Basi, hakuna kusimama kwa kichwa.

Shingo yangu imefaidika, hilo nalisema bila kigugumizi. Nageuza kichwa pande zote mbili, na kukicha sianzi siku kwa kujikanda. Lakini nilipoinyanyua fidla, bega lilipanda lile lile. Mwili uliolegea mkekani unakaza upya ukikutana na ala, kwa sababu kubana ni mazoea ya miaka, na mazoea hayo yanatolewa ala ikiwa mkononi. Siku hizi kabla ya kugusa upinde naiweka fidla begani, nalegeza taya, naishika kwa mkono wa kushoto tu, natoa pumzi, nangoja bega lishuke. Ndipo napiga noti moja ndefu. Likipanda, nashusha fidla, naanza tena. Mke wangu anasema hajapata kusikia mazoezi ya muziki yenye kimya kingi hivi.

Hata wataalamu wameliona. Marekani, kwenye mafunzo ya muziki ya Tanglewood, wanamuziki vijana walifanyishwa yoga na tafakuri kwa miezi miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Jakamoyo na hasira vilipungua. Maumivu ya viungo yanayotokana na kupiga ala hayakubadilika. Na kwa anayedhani ni upuuzi, Yehudi Menuhin, mpiga fidla aliyejulikana dunia nzima, alikutana na mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar huko India mwaka 1952, na baadaye akamzawadia saa yenye maandishi ya kumwita mwalimu wake bora wa fidla. Huyo naye hajazoea kazi?

Wapo wanaosema yoga ni ibada ya Wahindu. Asili yake ni huko, sibishi. Sisi maneno yao hatuyatamki. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake, ama afanye mazoezi ya viungo tuliyofundishwa skuli. Bega halitauliza mazoezi yanaitwaje. Kukimbia viwanja vya Maisara alfajiri pia ni kuzuri, khasa kwa waimbaji na wapiga nai, yaani filimbi, wanaohitaji pumzi, ila wengi nawaona wanakimbia mabega yakiwa masikioni, na usiku wanakuja nayo hivyo hivyo klabu.

Katika vikundi vyetu vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na vijana wanasomeshwa muziki katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002. Ningependa kote huko robo saa ya mwanzo wa mazoezi iwe ya mwili, na robo saa hiyo isiliwe na wanaochelewa. Katikati ya shughuli, wapiga fidla wapokezane kupumzika pale foleni ya tunzo inaporefuka; fidla tatu zikicheza badala ya tano hakuna bibi harusi atakayegundua.

Na nyinyi mnaotualika harusini, vile viti vya plastiki vyenye mikono na mgongo unaobonyea wapeni wageni. Kiwiko cha upinde kinagonga mkono wa kiti, na mpiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa magotini, hana pa kuweka magoti. Sisi tuleteeni vya mbao, visivyo na mikono, hata vya kuazima madrasa.

Mpiga fidla,
Mikunguni, Unguja