Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Tabora: saa mbili za prepo

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: MPANGILIO WA PREPO KATIKA SEKONDARI ZA BWENI

Prepo zetu, yaani vipindi vya kujisomea usiku, zina sura mbili. Ama ni kimya, kila mwanafunzi kainamia daftari akilisoma kwa mara ya tano; ama ni diskasheni, kipanga mmoja, yule hodari wa darasa, kashika chaki na wengine tisa wanaitikia. Zote mbili humfanya mtoto aamini amejua.

Kurudia kusoma humzoesha maandishi tu. Mwaka 2006, Marekani, watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo: baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, waliojipima bila kitabu 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Na upimaji wa kidato cha pili hauji baada ya dakika 5.

Ugonjwa wa diskasheni ni mwingine. Kundi likianza kukumbuka kwa pamoja, hutoa machache kuliko ambayo watu walewale wangetoa kila mmoja peke yake, kisha majibu yakaunganishwa. Anayesema kwanza humvuruga mwenzake aliyekuwa akifuata mtiririko wake kichwani. Tena kosa huambukiza. Swali: Mtemi Mirambo alifariki lini? Kipanga anasema 1893, kamchanganya na Mtemi Isike wa Unyanyembe. Binti aliyekuwa na 1884 kichwani ananyamaza, maana akiwa na miaka 15 kuchekwa na wenzake ni adhabu kuliko fimbo. Kesho 1893 imo kwenye madaftari kumi.

Tusieleweke vibaya, hatuombi makundi yafutwe. Kijana wa umri huu humsikiliza rafiki kuliko sisi, na anayemweleza mwenzake hugundua haraka pale asipoelewa. Tunaomba utaratibu ubadilike. Madaftari yafungwe. Dakika 10 kila mmoja aandike, kwenye karatasi tupu, yote anayokumbuka kuhusu mada moja, hata yakiwa mistari mitatu. Upande wa nyuma wa karatasi zilizokwisha tumika unatosha. Kisha wakae wannewanne kwa dakika 20. Kwenye kundi la watu kumi, wengi huwa watazamaji tu. Kila mmoja asome alichoandika kabla ya yeyote kusahihisha, aanze anayesuasua, kipanga amalizie. Wakitofautiana wasipige kura, waweke alama ya kuuliza. Dakika 10 za mwisho ndipo vitabu vifunguliwe, na kila mtu asahihishe karatasi yake mwenyewe. Saa mbili zinabeba mada tatu. Mada ileile irudi siku ya 2, ya 7 na ya 21.

Wiki ya kwanza watanung'unika, kwa kuwa karatasi tupu inaumbua. Hapo mwalimu wa zamu asilegeze. Wala karatasi hizo zisipewe maksi: zikipewa, watanakiliana usiku uleule.

Lugha nayo. Akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja, na kwa aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, kusaka neno la Kiingereza kunakula nafasi ya hoja yenyewe. Wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza.

Na usingizi, ambao mabweni huuchukulia kama uvivu. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10, na ndio wakati ubongo unapoimarisha yaliyosomwa mchana. Prepo ikiisha saa 5 usiku na kengele ikagonga saa 10 alfajiri, amelala kwa saa 5 tu. Iishe saa 3 na nusu, kengele igonge saa 12.

Tunaomba ruhusa ya muhula mmoja: kidato cha pili, historia na baiolojia tu, mkondo mmoja ufuate utaratibu huu na mwingine uendelee kama kawaida. Wiki 3 baada ya mada kufundishwa, mikondo yote ipewe jaribio moja la kushtukiza, lisahihishwe na walimu wa shule jirani wasiojua karatasi ni ya mkondo upi.

Walimu wa taaluma,
Tabora