Kopa 4 ile haikuwa kopa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu ya ule mkono wa briji wa Jumapili, karata zetu za wenza wawili dhidi ya wawili, ambazo kwanza hunadiwa ndipo zichezwe. Tangu tulipoagana kwenye intaneti haujanitoka kichwani.

Ulifungua mnada kwa shupaza 1, yaani ahadi ya kushinda mizunguko saba (sita na hiyo moja) shupaza zikiwa turufu. Mimi nilishika shupaza nne zenye mfalme na jeki, kopa moja tu, tena ya 3, uru nne zenye mfalme na malkia, na pau nne zenye ree na jeki. Nikanadi kopa 4. Wewe ukadhani nina kopa tele, ukapasi. Basi nikacheza kopa ndiyo turufu, na sisi wawili kwa pamoja tuna kopa nne, wapinzani wanazo tisa. Uliniomba radhi, lakini kosa halikuwa lako. Jambo hili hatukuwahi kukubaliana, na mimi nililinadi kana kwamba tumekubaliana.

Ile ilikuwa nadi ya ishara iitwayo splinta. Fikiri hivi: ukifungua shupaza 1, nikitaka kukutajia kopa, kopa 2 inatosha. Sina haja ya kuruka ngazi mbili mpaka 4. Kwa kuwa mruko huo hauna kazi nyingine, Dorothy Hayden na David Cliff, Wamarekani, kila mmoja kwa njia yake, waliupa kazi mpya miaka ya 1960: nina turufu zako nne au zaidi, nina nguvu za gemu (mkataba wenye bonasi, kama shupaza 4), na kwenye aina hii niliyoitaja nina upungufu, yaani karata moja au sina kabisa.

Sasa zirudie karata zako. Shupaza tano zenye ree na malkia, kopa 8, 6 na 2, ree wa uru na kadogo kake, pau tatu zenye mfalme. Ukihesabu ree 4, mfalme 3, malkia 2 na jeki 1, pointi zako 13, zangu 14, jumla 27. Kwa pointi peke yake nani angethubutu slemu, yaani kuahidi mizunguko 12? Lakini kopa zako hazina hata pointi moja iliyopotea mbele ya upungufu wangu. Unapoteza kopa ya kwanza, mbili zilizobaki unazikata kwa turufu zangu. Shupaza zako tano, kukata mara mbili, uru tatu, pau mbili: mizunguko 12. Na ile pau yako ya tatu unaitupa kwenye uru ya tatu. Shupaza 6 zilikuwa mezani tukaziacha! Lakini ungekuwa na mfalme, malkia na jeki wa kopa badala ya nguvu zako za kwingine, ungerudi shupaza 4 haraka, maana nguvu zote hizo zingeangukia pale ambapo mimi sina kitu.

Siku ninapokuwa na nguvu hizohizo bila upungufu wowote, naomba tutumie nadi ya 2 bila turufu ya Oswald Jacoby, mchezaji wa Marekani. Nayo haisemi lolote kuhusu kucheza bila turufu. Inasema nina turufu nne, gemu lazima, hebu nieleze mkono wako. Wewe ukiwa na upungufu, utaje kwenye ngazi ya 3. Ukiwa huna, na mkono ni dhaifu, ruka shupaza 4. Ukiwa na nguvu sana, shupaza 3 polepole, tubaki na nafasi ya kuulizana maree. Hiyo nafasi ndiyo ninayoipenda. Nikiruka shupaza 4 mara moja, mazungumzo yamekwisha.

Zile nadi za Marty Bergen, naye Mmarekani, pau 3 na uru 3 zenye maana ya turufu nne, tuziache kwanza. Ni nzuri, ila zinahitaji kumbukumbu, na sisi bado splinta imetushinda. Drury, nadi nyingine ya ishara, tutaizungumza siku nyingine.

Jambo moja zaidi. Barazani kwetu tumekulia karata ambazo mtu humkonyeza mwenziwe. Kwenye briji ni mwiko kabisa. Tuna maneno 38 tu, nadi 35 pamoja na pasi, dabo (kuongeza dau maradufu) na ridabo (kuliongeza tena), na kila tunalokubaliana wapinzani wana haki ya kuambiwa. Kwa hiyo nikinadi splinta nitaitangaza na kuieleza wazi. Nawe fanya vivyo hivyo.

Nijibu kabla ya Jumamosi, na katika jibu lako uniambie hili: mimi nafungua kopa 1, wewe unashika shupaza moja tu, ya 5, kopa nne zenye mfalme na malkia, uru nne zenye ree na jeki, pau nne zenye malkia. Unanadi nini? Na mimi nikirudi kopa 4, je, unapasi?

Wako,
mwenzako wa mezani